Chaguo la Kwanza

Katika nyumba ile ya nyuma ya jukwaa la uwanja, sheria za mgawo ziliheshimiwa kuliko sheria za serikali. Kabla ya kila mechi ya kriketi ya siku tano, majina ya wachezaji wa timu zote mbili yaliwekwa mezani, na kila mtu akachagua kwa zamu, mmoja mmoja, mpaka awe na kikosi chake cha watu wanne. Aliyechukuliwa amechukuliwa. Kulia ruhusa, kubadilisha marufuku. Mechi ikianza, mbio za mpigaji wako ni zako na wiketi za mrushaji wako, yaani wapigaji aliowatoa, ni zako, na siku ya mwisho binti wa nyumba anajumlisha. Wa mkiani anaosha vyombo vya nyumba nzima mpaka mechi nyingine ije. Hapakuwa na senti mezani. Kulikuwa na kejeli tu, na kejeli za watu wale, nakwambia, zilitosha kumkosesha mtu raha.

Siku zote walikuwa wanne. Mwenye nyumba alikuwa mtunza uwanja, mtu wa makamo mwenye magoti mabovu, ambaye klabu nzima ilimwita Bwana Nyasi. Mke wake alikuwa dobi wa klabu hiyohiyo. Yeye ndiye aliyefua nguo nyeupe za wachezaji, wenyeji na wageni, na wachezaji hao aliwajua kwa madoa yao kabla ya kuwajua kwa sura. Binti yao alifundisha hesabu shule ya jirani. Wa nne alikuwa mdogo wake dobi, muuza simu zilizotumika, ambaye kwa mdomo wake na miguu yake walimpa jina la Chapuchapu. Jioni ile Chapuchapu alikuja na mtu wa tano.

"Nimemleta rafiki yangu," alisema akivuta kiti. "Wanne mgawo haunogi. Halafu huyu anapenda kriketi kufa."

"Anayependa kriketi karibu," Bwana Nyasi akasema. "Ila humu tunaongelea wachezaji tu. Uwanja hatuugusi."

"Nimeambiwa, mzee," mgeni akajibu kwa adabu. "Nimeambiwa vizuri sana."

Hilo la kutougusa uwanja halikuwa maringo. Katikati ya uwanja kuna ukanda wa udongo ulioshindiliwa, wenyewe huuita pichi, na mpira hudundia hapo. Pichi ikiwa na unyevu na nyasi, warushaji wa kasi wanatesa. Ikikauka na kupasuka, wanaokula ni wale wanaozungusha mpira kwa vidole, na mechi inaweza kuisha mapema kabla ya siku ya tano. Ndiyo maana hufunikwa turubai na kulindwa na askari, na mtunza uwanja haruhusiwi kumwambia mtu hali yake kabla ya mechi kuanza. Bwana Nyasi hakuwahi kumwambia hata aliyelala naye kitanda kimoja. "Ungeoa mke wa pili," dobi alizoea kumwambia, "ningejua mapema kuliko kujua pichi yako ikoje."

Walivuta njiti na zamu ya kwanza ikamwangukia Bwana Nyasi. Binti alikuwa ameshainua kalamu, tayari kuandika jina la Treni. Treni alikuwa mrushaji wa kasi, jitu la miraba minne, na katika uwanja ule wa nyasi mbichi baba yake hakuwahi kuanza na mtu mwingine.

"Mzee Vidole," akasema Bwana Nyasi.

Kalamu ikabaki hewani. Mzee Vidole alikuwa mzungushaji aliyekaribia kustaafu, kichwa kimeanza upara, na katika migawo iliyopita alikuwa akibaki yatima, hatakiwi na mtu.

"Baba, una homa?"

"Nina zamu yangu." Alicheka peke yake, kifua mbele. Alikuwa na siri nzuri na hakuwa ameisema, na jambo hilo lilimpa raha ya kitoto.

"Huyo anarushaje?" mgeni akauliza.

"Anazungusha," Chapuchapu akadakia. "Anapenda pichi kavu." Kisha akajifanya anakohoa.

Mgeni aliomba radhi, akatoka nje kupiga simu. Dirishani walimwona mgongo tu, mkono mmoja mfukoni, akiongea taratibu. Ndani mgawo uliendelea. Binti alimnyakua Treni kwa shangwe. Dobi akamchukua yule waliyemwita Ukuta, kwa sababu suruali zake zilirudi zimelowa jasho mpaka kwenye pindo. Chapuchapu akamchukua Bwana Harusi, kijana mtanashati wa timu ya wageni.

"Huyo nguo zake hurudi kama zilivyoenda," dada yake akamcheka. "Anatoka mapema mno, hata jasho halijamtoka. Andaa sabuni ya vyombo, mdogo wangu."

Mgeni aliporudi zamu ilikuwa yake. "Nipeni Treni," akasema.

"Keshachukuliwa."

"Basi yeyote."

Watu wa mezani walitazamana. Mtu anayependa kriketi hasemi yeyote. Binti alimwandikia jina lililokuwa karibu na kidole, na mgeni hata hakuuliza ni la nani.

&nbsp;

Asubuhi wakiwa kwenye chai, binti alikuwa akifunga mkoba wake wa shule. "Baba, jana ulituambia pichi imekauka."

"Sijasema neno."

"Hukusema. Ulichagua. Kila mechi ya hapa unaanza na Treni, jana ukamwacha ukamkimbilia mzungushaji. Hata watoto wangu wa darasa la tatu wangejumlisha."

Bwana Nyasi akaweka kikombe chini. Ni kweli pampu ya uwanja ilikuwa imekufa, jua limewaka mfululizo, na asubuhi ya siku ya mgawo alikuwa ameinua turubai akakuta nyufa za kuingia kucha. Alikuwa ameubeba ukweli huo mdomoni kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai, halafu akaumwaga mezani kwa mkono wake mwenyewe. "Na yule mgeni," akauliza, "unadhani alijumlisha?"

Mama yake binti ndiye aliyejibu, polepole, "Alitoka kupiga simu."

Jibu lilikuja lenyewe kabla ya saa sita. Bwana Nyasi alikuwa amepiga magoti pembeni ya turubai akikata nyasi za ukingoni alipoona viatu vilivyong'arishwa vimesimama mbele yake.

"Hongera kwa kazi, mzee."

"Huku haparuhusiwi."

"Askari wa getini ameniruhusu. Mtu mwelewa sana." Mgeni akachuchumaa ili nyuso zao zilingane. "Sikusumbui. Nimekuja kukuomba usibadilishe kitu. Jua linafanya kazi yake, wewe pumzisha magoti."

"Mimi sijakuuzia chochote."

"Hujatuuzia. Umetupa bure, ndiyo maana tunakuheshimu. Na shemeji yako tunamheshimu pia. Yeye ndiye aliyetuhakikishia kwamba ukichagua hukosei. Ametoa neno lake." Alichomoa jani moja la nyasi, akalitazama, akaliweka tena chini pale alipolichomoa. "Binti naye ni mzuri wa hesabu. Shule yake iko mbali na kituo, sivyo? Anatembea sana."

Aliondoka kwa kufuata ukingo wa uwanja, hakukanyaga majani, kama mtu aliyefundwa vizuri kwao. Bwana Nyasi alibaki na mkasi mkononi. Aliogopa, na hakuwa na haja ya kulificha hilo.

&nbsp;

Ofisi ya katibu wa klabu ilikuwa imewekwa zulia jipya, kwa hiyo Bwana Nyasi, aliyekuja kueleza yaliyompata, alitakiwa avue buti mlangoni. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia nje muda wote wa mazungumzo. Ukitaka kumwondolea mtu mzima heshima yake, mwache aungame akiwa na soksi iliyotoboka.

"Ulimwambia mtu hali ya pichi?" katibu akauliza.

"Sikumwambia. Nilichagua."

"Ulichagua nini?"

"Mrushaji wa kuzungusha. Kwenye mchezo wetu wa nyumbani. Tunagawana wachezaji."

Katibu alimtazama usoni, akatazama kidole gumba, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaita mhasibu wa chumba cha pili. "Hebu njoo usikie. Mzee, rudia." Na Bwana Nyasi akarudia, mbele ya watu wawili sasa, kwamba familia yake hukaa mezani na kuunda timu za wachezaji wa kimataifa, na kwamba anayeshindwa huosha vyombo. Mhasibu aliuliza kama na wao wanaweza kusajiliwa. Habari za mtu mwenye viatu vya kung'aa hazikufika mbali. Askari wa getini aliulizwa kwa simu, akasema hajamwona mtu.

"Sasa sikia," katibu akasema akifuta macho. "Pampu imepona. Tumeuza tiketi za siku ya tano. Mechi ikiisha siku ya tatu tutakula nini, nyasi zako? Mwagilia. Pitisha rola. Nataka pichi ngumu, wapigaji wakae, watu wakae, na mauzo ya kantini yaende."

"Na yule mtu?"

"Mtu gani, baba? Buti uvalie nje, usinichafulie zulia."

&nbsp;

Chapuchapu alimkuta dada yake kwenye chumba cha kufulia, anapiga pasi. Kwa kawaida alianza kuongea akiwa bado barabarani. Siku ile aliingia, akakaa juu ya kapu la nguo, akanyamaza. Dobi aliweka pasi wima.

"Umefanya nini?"

"Nilijigamba, dada. Nilikuwa na watu, wanabishana juu ya uwanja, nikasema shemeji yangu hasemi kitu, lakini chaguo lake la kwanza halijawahi kudanganya. Wakasema, tupeleke tukaone. Wakanipa mzigo wa simu mpya niuze."

"Ukawaleta mezani kwangu. Nikawawekea chai."

"Nilidhani ni mchezo tu. Sasa wameweka dau, fedha za watu wakubwa, kwamba mechi haifiki siku ya tano. Na mimi wameniweka rehani."

"Wamekuweka rehani vipi?"

"Mimi mwenyewe, dada. Mwili huu."

Bwana Nyasi alikuwa mlangoni, amekuja kula. Alikuwa amesikia ya kutosha. Hakupandisha sauti, angepandisha ingekuwa nafuu.

"Ungeniuliza, ningekuambia nini?"

"Ungenyamaza, shemeji. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Nimeagizwa nimwagilie."

"Usimwagilie. Sema pampu imekufa tena. Ukiharibu kazi, wewe utafukuzwa. Mimi sitafukuzwa." Aliyasema haya akitazama viganja vyake. "Unanielewa? Kwangu mimi hakuna kufukuzwa."

"Twende polisi," Bwana Nyasi akasema.

"Tukaseme nini?" dobi akamgeukia. "Kwamba ulimchagua Mzee Vidole? Katibu wako amecheka. Polisi watacheka kwa sauti ya juu zaidi. Acha pichi ikauke, mume wangu. Watufukuze. Nyumba tutapata nyingine, hata ya mabati. Ndugu nitampata wapi? Wazazi walikufa wakaniachia huyu mmoja."

"Na nikiwasikiliza leo, mechi ijayo watasemaje? Watatuacha?" Bwana Nyasi alielekeza kidole uwanjani. "Mimi nimekaa na udongo ule tangu nywele zangu nyeusi. Wale vijana wanatoka nje ya nchi wanaukanyaga wakijua ni wa haki. Sina kingine, mke wangu. Sina shahada, sina shamba. Nina hilo tu."

Hakuna aliyekuwa mwongo katika chumba kile, na hiyo ndiyo iliyowatesa. Chapuchapu alisimama, akajipangusa. Dada yake akamwambia abaki, alale pale, mlango una komeo.

"Nikibaki watakuja hapa," akasema. "Njia ya binti wanaijua." Barabarani kulikuwa na gari limesimama kivulini, injini inanguruma. Alilifuata mwenyewe bila kuitwa, akafunguliwa mlango wa nyuma.

&nbsp;

Kesho yake Bwana Nyasi alifunua turubai, akavuta mpira wa maji mpaka katikati ya uwanja na kufungulia. Hapo mwanzo maji yalitoka kwa nguvu, yakaingia kwenye nyufa na kutoa povu jembamba. Kisha yakaanza kulegea. Yakawa uzi. Yakawa matone. Alikagua mpira kama umejikunja, haukujikunja. Alisikiliza pampu, ilikuwa ikinguruma vizuri. Alisimama akatafakari, na ghafla akajua. Uwanja na chumba cha kufulia vilinywa kwenye tangi moja.

Alimkuta mke wake amefungulia mabomba yote. Makaro yalikuwa yamefurika, sakafu imekuwa bwawa, na yeye amesimama katikati na sketi imelowa mpaka magotini, anafua nguo ambazo jana alizipiga pasi. Zilikuwa safi. Alizitumbukiza, akazisugua, akazikamua, akazitumbukiza tena. Hakugeuka.

"Hizo zimeshafuliwa," Bwana Nyasi akasema.

"Hazijatakata."

"Mama."

"Nimesema hazijatakata."

Akaenda kwenye bomba la kwanza, akalifunga. Akafunga la pili. Alikuwa akifunga polepole, akimpa nafasi ya kumzuia, na moyoni aliomba amzuie. Angemshika mkono tu, angeacha. Lakini dobi hakuwa mtu wa kumshika mtu mkono akiwa kazini, na labda naye alikuwa akingoja mume wake aache mwenyewe. Watu wameoana miaka yote hiyo na bado kila mmoja anamngoja mwenzake. Alipofika kwenye bomba la mwisho mke wake akasema, "Nilimbeba mgongoni huyo. Nilikuwa naenda naye shuleni mgongoni, mwalimu akinifukuza nakaa naye dirishani."

"Najua."

"Basi liache hilo moja."

"Moja halitamsaidia yeye, na mimi litaniharibia."

"Liache hivyohivyo."

Akalifunga. Dobi aliketi juu ya rundo la nguo zilizolowa, mikono mapajani, akatazama ukuta. Bwana Nyasi alirudi uwanjani. Maji yalikuja kwa nguvu zote, na akamwagilia mpaka udongo ukageuka mweusi na nyufa zikafunga vinywa. Alifanya kazi nzuri, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alijichukia kwa kila hatua aliyopiga akivuta lile rola la kushindilia udongo.

&nbsp;

Mechi ilianza, na pichi ikawa kama walivyotaka wenye zulia. Mpira ulidunda kwa adabu, wapigaji wakautazama mpaka kwenye gongo la kupigia. Mzee Vidole alizungusha tangu asubuhi mpaka jua likaegemea jukwaa, vidole vikavimba, asiambulie kitu. Treni alichoka. Na Bwana Harusi, yule mtanashati asiyetokwa jasho, aliingia akakaa. Alikaa siku ile, akalala na gongo lake, akaja akakaa tena siku iliyofuata, mbio zinaongezeka mpaka watangazaji wakaishiwa maneno. Nguo zake zilirudi kwa dobi zimejaa chumvi ya jasho na vumbi. Dobi alizifua bila kusema chochote.

Kila mapumziko dobi alimpigia simu mdogo wake. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Bwana Nyasi alienda mpaka kwenye kibanda cha Chapuchapu cha kuuzia simu; kilikuwa kimefungwa, na jirani akasema alipita na watu waliovaa vizuri, akachukua koti. Polisi walimwandika Chapuchapu kama mtu aliyepotea. Wakauliza kama ana mazoea ya kupotea, na kwa bahati mbaya ilibidi waseme ukweli, kwamba anayo. Binti alianza kurudi kutoka shuleni akiwa amefuatana na walimu wenzake. Nyumbani mume na mke waliongea mambo ya chumvi na ya mlango tu, umefunga, nimefunga.

Mechi ilifika siku ya tano na kwenda mpaka dakika zake za mwisho, bila mshindi. Kantini ilimaliza kila kitu. Katibu alimkuta Bwana Nyasi akitandaza turubai, akampiga bega. "Umeona? Maji tu. Na ule mgawo wenu vipi, nani anaosha vyombo?" Akaondoka kabla ya kujibiwa.

Jioni walikaa mezani watatu. Binti alikuwa na karatasi ya mgawo mbele yake, amejumlisha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa na kosa.

"Sijui kwa nini nimejumlisha," akasema. "Nimezoea tu."

"Sema," mama yake akamwambia.

"Mjomba ameshinda. Kwa mbali. Bwana Harusi peke yake amempa pointi kuliko kikosi chako chote, mama, na changu."

Hakuna aliyecheka. Tangu mgawo uanze Chapuchapu hakuwahi kutoka mkiani. Sponji ya vyombo waliiita mali yake. Dobi alisimama, akachukua simu, akapiga palepale mezani. Iliita mara chache tu. Safari hii ikapokelewa.

"Mdogo wangu?"

"Habari ya jioni, mama," ikajibu sauti nyingine, ya adabu, sauti waliyoijua wote watatu. "Amepumzika. Tumpe ujumbe gani?"

Maneno ya muhimu yote yalimponyoka dobi, likabaki lile la juu kabisa. "Mwambie ameshinda."

"Ameshinda nini?"

Dobi alishika ukingo wa meza.

"Basi nitamwambia," sauti ikasema. "Mzee yupo? Naomba nimsalimie."

Bwana Nyasi akapokea simu. Mkono wa mke wake ulikuja ukashika kiwiko chake, mara ya kwanza tangu siku ya maji.

"Mzee, umetutia hasara kubwa. Lakini hatuna kinyongo, binadamu hukosea. Tumesikia timu nyingine inakuja mwezi ujao. Sisi tunapenda mgawo wenu, ni mchezo mzuri. Tunaomba tu uanze, kama kawaida yako."

"Nipe shemeji yangu nimsikie."

"Utamsikia. Chagua kwanza."

"Pichi ya mechi hiyo bado haijaanza kutayarishwa," Bwana Nyasi akasema. "Sijui itakuwaje."

"Hilo si tatizo. Ukishachagua, utajua."

Alimtazama binti yake, ambaye hakuwa anasikia lakini alikuwa ameelewa, na alikuwa akitikisa kichwa, hapana, baba, hapana. Akamtazama mke wake. Yeye hakutikisa kichwa wala hakuomba. Alimwangalia tu, vidole vimekaza kwenye kiwiko, akingoja. Kule upande wa pili mtu alikohoa, mbali na simu, na huenda alikuwa Chapuchapu na huenda alikuwa mtu yeyote. Jina lolote ambalo angelitaja, ingembidi kesho aamke akalitengenezee udongo wake, na baada ya hilo litakuja lingine.

Akataja jina.

"Asante, mzee," sauti ikasema, na kisha, kwa mtu mwingine, "Haya, mpe aongee na dada yake."